Vitenzi regula na iregula vya Kiingereza: jinsi ya kuvifundisha mpaka mtoto avitumie mdomoni

Walimu wenzangu wa Kiingereza, hii mada ya vitenzi regula (vile vinavyoongeza -ed wakati uliopita) na iregula (vile vinavyobadilika kwa njia yao wenyewe) wengi wetu tunaifundisha kwa njia ile ile, unaingia darasani, unachora safu tatu ubaoni, V1 (kitenzi chenyewe), V2 (wakati uliopita) na V3 (kile kinachokuja na have), unajaza go went gone, eat ate eaten, ubao unajaa, watoto wananakili, keshokutwa tesiti. Na wanafaulu kweli. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo, vitenzi 120 kwenye manila moja kubwa ukutani, watoto wakaviimba kama tebo ya kuzidisha na wengi wakapata zaidi ya 80. Wiki iliyofuata nikawaambia waandike wikendi walifanya nini nyumbani, daftari la kwanza kulifungua nikakuta "On Saturday I did went to shamba and I am cut grass". Mtoto huyo kwenye tesiti alipata 92. Went anaijua, cut anaijua, ila hajui hayo maneno yanafanya kazi gani.

Ninachoandika hapa ni ninavyofundisha sasa, hasa kidato cha kwanza waliotoka shule za msingi za Kiswahili, maana hao wanafika sekondari wanakuta karibu kila somo ni Kiingereza, na wakati uliopita ukimshinda kwenye Kiingereza utamshinda mpaka kwenye ripoti ya praktikali ya kemia, kule nako ni heated, added, observed, recorded mwanzo mwisho.

Kipindi cha kwanza usiandike neno hata moja la Kiingereza. Waulize, kumwamuru mtu asome unasemaje? Soma. Apike? Pika. Aandike? Andika. Sasa kumwita mtu aje? Darasa zima litajibu njoo. Waulize mbona hamsemi "ja"? Na aende, mbona mnasema nenda? Na alete, mbona lete? Watacheka halafu watanyamaza, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha hilo, wamelisikia kwa mama zao wakalibeba. Hapo ndo waambie kwamba Kiswahili nacho kina vitenzi vikaidi, na nyie mnavitumia tangu mna miaka miwili bila daftari, kwa sababu mnavisikia kila siku. Toka siku hiyo darasani kwangu regula tunaviita vitiifu na iregula tunaviita vikaidi, na hilo jina linawatoa hofu kwelikweli, mtoto haoni tena kwamba Wazungu waliamua kumtesa, anaona ni jambo la lugha zote.

Kabla hujatoka kwenye Kiswahili waonyeshe na wakati uliopita unakaa wapi. Nilipika, ulipika, alipika, tulipika, ile -li- iko katikati. Kiingereza kinaiweka mkiani, cook inakuwa cooked. Halafu wape habari njema ambayo walimu wengi tunasahau kuisema, kwamba mkia huo haubadiliki kwa mtu yeyote, I cooked, you cooked, she cooked, they cooked, ile s ya she cooks inayowatoa jasho kwenye wakati uliopo hapa haipo kabisa. Kinachobadilika ni kimoja tu, was na were, basi.

Sasa vitiifu, na anza na mdomo kabla ya kalamu. Tatizo letu sisi ni kwamba Kiswahili karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo mtoto akiona walked anasoma "wokedi", washed "woshedi", na akishazoea hivyo haelewi tena mtu akiongea haraka, anasikia walk tu na anaamini huyo mtu kasema wakati uliopo. Mkia wa -ed una sauti tatu. Ya kwanza ni t, inakuja kitenzi kikiishia na sauti isiyotetemesha koo, yaani p, k, f, s, sh, ch: helped, cooked, laughed, passed, washed, watched. Ya pili ni d, kitenzi kikiishia na sauti inayotetemesha koo au irabu: cleaned, opened, called, lived, played, carried. Ya tatu ndo hiyo ya kuongeza silabi nzima, id, na inakuja pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na t au d: wanted, planted, started, needed, ended. Waambie waweke vidole kooni waseme sssss halafu zzzzz, watasikia tofauti wenyewe, hata mtoto wa mwisho nyuma kabisa kwenye darasa la watu 80 anaweza kulifanya hilo bila kitabu. Mi nawasimamisha safu moja moja, nataja kitenzi wanakirudisha na mkia wake, dakika tano kila mwanzo wa kipindi kwa wiki mbili. Ukikuta bado wanasema "wokedi" usihamie kwenye vikaidi, subiri kwanza.

Spelingi ni fupi, usiipotezee vipindi vitatu. Kikiishia na e unaongeza d tu, live lived. Konsonanti ikifuatiwa na y, y inakuwa i, carry carried, ila play inabaki played kwa sababu kabla ya y kuna irabu. Kifupi chenye silabi moja, irabu moja na konsonanti moja mwishoni unarudia konsonanti, stop stopped, plan planned. Kikiwa na silabi mbili angalia sauti inapandia wapi, visit inapandia mwanzo kwa hiyo visited, prefer inapandia mwisho kwa hiyo preferred. Travel ndo msumbufu, Uingereza wanaandika travelled na Marekani traveled, sisi tunafuata Uingereza, mwambie mtoto ajue zote mbili zipo asije kuona ya kwenye simu akadhani mwalimu kamdanganya.

Jinsi ya kujua kama kanuni imeingia, mpe kitenzi ambacho hakipo duniani. Hii nimeitoa kwa Jean Berko, mwanaisimu wa Marekani, ambaye mwaka 1958 alichapisha utafiti wake wa kuwapa watoto wadogo maneno ya kutunga, anawaonyesha picha ya mtu anafanya kitu anawaambia huyu anajua "rick", jana naye alifanya hivyo hivyo, jana ali...? Watoto wengi wakajibu "ricked", neno ambalo hawajawahi kulisikia popote. Fanya na wewe, tunga blem, tunga zat, tunga pesh, uliza jana? Akijibu blemmed kwa sauti ya d, zatted kwa id, peshed kwa t, huyo hajakariri, huyo amekamata. Na wape vya kwao vya simu, download inakuwa downloaded, text inakuwa texted, google inakuwa googled, waone kwamba kitenzi kipya kikizaliwa kwenye Kiingereza kwa kawaida kinaingia upande wa vitiifu.

Hapo mtoto mwerevu atauliza, sasa hivi vikaidi vimebaki vya nini? Mjibu, usimpige chenga. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walitoa kazi yao kwenye jarida la Nature, walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi kwenye Kiingereza cha kale, wakakuta kwenye Kiingereza cha kati vimebaki vikaidi 145, na leo ni 98. Vingine vimeshakuwa vitiifu, mfano help, zamani wakati uliopita wake ulikuwa holp, leo ni helped. Na waligundua kwamba kitenzi kinachotumika mara chache ndo kinachosalimu amri haraka, kile kinachosemwa kila siku kinakaa na ukaidi wake karne na karne. Angalia wenyewe, be, have, do, say, get, make, go, know, take, see, hivi ndo viko juu kabisa kwa kutumika na vyote kumi ni vikaidi. Ni njoo na nenda zile zile.

Kwa mwalimu hiyo ni maelekezo ya kazi. Usifundishe kwa alfabeti. Ile chati ya kuanza na arise, awake, bear, beat, bend inampotezea mtoto nguvu kwa maneno ambayo hatayaona mwaka mzima, na akifika kwenye went kachoka. Wiki ya kwanza wape kumi na mbili tu vya maisha yao: was/were, had, did, went, came, saw, said, got, made, took, ate, gave. Na uvifundishe kwenye stori moja ya asubuhi yako mwenyewe. Jana I got up at five, I made tea, I ate chapati, I took my bag, I went to the bus stand, I saw a long queue. Simulia mara mbili, ya tatu acha pengo wao wajaze, ya nne mmoja asimulie asubuhi yake. Andika ubaoni mwishoni kabisa, baada ya masikio kushiba.

Vikishakaa hivyo kumi na mbili ndo unaingia kwenye koo. Naita koo kwa sababu vikaidi havikutawanyika ovyo kama tunavyodhani, vina ndugu, na mtoto akimjua mmoja wa ukoo anawatambua na wengine. Kila ukoo na rangi yake ya chaki, na koo mbili kwa wiki zinatosha.

Ukoo rahisi ni wa wasiobadilika: cut, put, hit, shut, let, cost, hurt. V1 V2 V3 ni kitu kimoja. Ila mtego wake upo na ni mzuri kuufundisha, "he cut the tree" na "he cuts the tree", ile s ikikosekana ujue ni jana. Halafu kuna wa d kuwa t: send sent, lend lent, spend spent, build built. Halafu wanaofupisha irabu na kuongeza t: keep kept, sleep slept, feel felt, meet met (huyu t anayo tayari). Sell sold na tell told ni mapacha, usiwatenganishe.

Ukoo wa -ought na -aught upe kipindi chake peke yake. Buy bought, bring brought, think thought, fight fought, teach taught, catch caught. Watoto wanachanganya bought na brought mpaka kidato cha nne, na dawa yake ni herufi moja, bring ina r kwa hiyo brought ina r, buy haina r kwa hiyo bought haina. Waambie hivyo, halafu wape sentensi inayobeba zote mbili, "Mama bought fish and brought it home", waiseme mpaka ulimi uzoee.

Ukoo wa i-a-u watoto wanaupenda kwa sababu unaimbika: sing sang sung, ring rang rung, drink drank drunk, swim swam swum, begin began begun. Hapa lazima utoe onyo siku hiyo hiyo, bring hayumo na think hayumo, ukichelewa watakuletea "brang" na "thank". Ukoo wa ow: know knew known, grow grew grown, throw threw thrown, blow blew blown, na fly flew flown ni mkwe wao, ila show anasema showed na flow anasema flowed. Ukoo wa o: speak spoke spoken, break broke broken, steal stole stolen, choose chose chosen. Wa write wrote written, ride, drive. Come na run wanarudi nyumbani, come came come, run ran run. Read anaandikwa sawa kote lakini V2 na V3 inasomwa kama rangi nyekundu, red. Lie na lay waache mpaka kidato cha tatu, hata wenye lugha yao vinawachanganya hivyo.

Sasa did. Naomba hapa ukae sana, maana "did went" na "didn't saw" ndo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na nimeona walimu wanalikata kwa kalamu nyekundu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na halifi, kwa sababu mtoto hajaambiwa kwa nini. Anawaza hivi, jana ni wakati uliopita, did ni wakati uliopita, went ni wakati uliopita, basi nikiweka vyote nitakuwa salama. Rudi kwenye Kiswahili. Nilienda. Ukikataa unasemaje? Sikuenda. Ile -li- imeenda wapi? Imeondoka, -ku- imechukua nafasi yake. Kuna mtu anasema "sikulienda"? Darasa litacheka. Sasa andika ubaoni I didn't go chini ya sikuenda, chora mstari kutoka did mpaka -ku-, na mstari kutoka go mpaka enda. Did amebeba jana yote ya sentensi, kwa hiyo kitenzi kinavua mkia na kurudi V1. "I did went" ni "nilikulienda", masikio yao wenyewe yatakataa. Tangu nianze kufundisha hivyo kosa hilo limepungua sana kwenye madaftari, na likitokea sihitaji kusema kitu, nagonga ubao nasema sikulienda, mtoto anajirekebisha mwenyewe.

Baada ya hapo fanya mnyororo. Wa kwanza anamuuliza jirani, "Did you eat ugali yesterday?" Jirani anajibu "No, I didn't eat ugali, I ate rice", halafu anamgeukia mwingine na kitenzi kingine, "Did you buy a pen?" "No, I didn't buy a pen, I bought a book". Uzuri wake kila jibu linabeba V1 na V2 pembeni kwa pembeni, na kwa darasa kubwa kila safu inaenda na mnyororo wake kwa wakati mmoja, kelele zitakuwepo, mwambie mwalimu wa jirani mapema avumilie dakika kumi.

V3 usiiguse mpaka mnaingia kwenye have na has. Kuifundisha pamoja na V2 siku moja ndo kunazalisha "I seen him" na "he has went". Ukifika, -me- ndo daraja lako, nimekula, I have eaten, ameandika, she has written. Na daraja la pili ni -wa, barua iliandikwa, the letter was written. Sheria moja tu, V3 haitembei peke yake, lazima ishikwe mkono na have au be. Ila kuwa makini na kitu kimoja cha kwetu, sisi mtaani tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, Kiingereza hakikubali, ukitaja jana unarudi V2, I arrived yesterday. Usipowaambia watakuandikia "I have arrived yesterday" maisha yao yote, na kosa hilo nalisikia hata kwa watu wazima maofisini.

Kuhusu kusahihisha. Mtoto akisema "goed" au "buyed" au "teached" usimchape, usimcheke na usiwaache wenzake wamcheke. Huyo ameonyesha kwamba kanuni ya -ed anayo, hata watoto waliozaliwa London wanapitia hapo hapo, wanasema "goed" kabla ya kutulia na went. Mi nilisoma na msichana aliyezomewa darasa zima kwa "eated", hakunyoosha mkono tena mpaka tunamaliza, na alikuwa na akili kuliko wengi wetu. Mjibu kama mnaongea tu, "Oh, you went to Morogoro? Who did you go with?" Amelisikia went, hajaaibika, na inabidi aendelee kuongea. Kwenye daftari usimwandikie jibu, pigia mstari kitenzi andika V2 pembeni na alama ya kuuliza, atafute mwenyewe, na mpe nafasi ya kurudisha. Na insha moja usisahihishe kila kitu, wiki ya vitenzi sahihisha vitenzi.

Tesiti nazo zibadilike. "Give the past tense of the following" iwe maswali matano tu, zilizobaki ziwe aya yenye mapengo au habari ya kusimulia. Mpira unafaa sana hapa, wape waandike mechi ya Jumapili mtaani kwao. Mpira una vitiifu vingi, kicked, passed, scored, missed, saved, na vikaidi vingi vilevile, won, lost, drew, beat, hit, ran, fell, threw, caught, shot. Wasiopenda mpira waandike harusi, au safari ya kwenda kijijini, au siku mvua ilipoezua paa. Na rudia vya zamani kwa mpango, ukoo uliofundisha leo uguse kesho dakika mbili, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi, mimi naandika tarehe hizo nyuma ya skimu yangu ya kazi nisijisahau.

Kadi sio gharama, omba maboksi matupu dukani, kata vipande, upande mmoja V1 upande wa pili V2, watoto wanne wanne wanafunua kwa zamu, anayefunua hasomi neno tu, lazima atoe sentensi ya kweli kuhusu jana yake. Ile "ya kweli" isisitize, maana akianza kutunga atakupa "I ate a lion" afike mwisho haraka bila kufikiri.

Na cha kila siku ni mistari mitatu. Wakati unafuta ubao na monita anachukua mahudhurio, kila mtoto anaandika mistari mitatu nyuma ya daftari, jana alifanya nini, kimoja kiwe kimekataa kwa didn't. Nakusanya madaftari kumi kwa siku, nasoma, na chini namwandikia swali moja la kuendeleza stori yake, "Did your brother find the goat?" Kesho yake anafungua daftari haraka kuona nimemuuliza nini, na anajibu, "Yes, he found it near the river."